Siku Tulipokwenda Kuposa Chuo

Mimi ndiye niliyetoa chuo kizima nje juani. Naanza na hapo makusudi, ili mcheke sasa hivi, kicheko kiishe, halafu mniache nisimulie kwa utaratibu, maana habari hii imeshazunguka mtaa wetu wote wa International City na kila anayeisimulia anaongeza chumvi yake, mpaka juzi nikamsikia dada mmoja saluni akisema magari ya zimamoto yalikuja na nikabebwa kwa machela. Hayakuja. Walipigiwa simu wakaambiwa wasijisumbue. Aibu ninayo, siikatai, lakini niachieni ile ya mambo niliyoyafanya kweli, inatosha.

Naitwa Neema, mtu wa Morogoro, na hapa Dubai nakaa mapokezi kwenye kliniki moja ya meno kule Oud Metha. Kazi yangu ni kuwauliza watu majina, kuwaambia wakae, na kuwaambia tena wakae pale wanapoinuka kuja kuniuliza mbona hawaitwi. Ninachokitaka mimi kiko ndani, nyuma ya ule mlango wanaoingia wagonjwa nikabaki nje na kompyuta yangu. Nataka unesi. Nimeutaka tangu nikiwa mdogo na haujanitoka. Kwa hiyo niliposikia kuna chuo kinatoa kozi ya uuguzi ya jioni nikaomba haraka, na madam, yule daktari mwenye kliniki, akanikubalia kunipanga zamu za asubuhi tupu. Ila akaniambia wazi kwamba ni mwaka huu tu, kwa sababu mwakani anafungua tawi lingine na atanihitaji kutwa nzima. Yaani mwaka huu, au khalas.

Sasa majibu yakaja. Ilikuwa barua pepe ya adabu sana, ile adabu inayokufanya usome mara ya pili kutafuta umetukanwa wapi. Walisema ombi langu halijakubaliwa wala halijakataliwa, limesogezwa mbele, litaangaliwa tena pamoja na ya awamu ya pili, na kama bado nina nia ya kusoma kwao basi niwaandikie kwa ufupi, niseme hivyo, na nitaje lolote jipya tangu nilipotuma ombi. Basi. Mistari michache. Mtu mwenye akili zake angekaa kitandani, akaandika, akatuma, akalala.

Nilijaribu, msidhani sikujaribu. Niliijaribu ndani ya basi, nikaijaribu kazini kati ya mgonjwa na mgonjwa, nikaijaribu chooni, na kila nikimaliza naona nimeandika kama mtu anayeomba msaada wa msiba, nikirekebisha inatoka kama mtu anayedai haki zake polisi. (Kuna moja niliimalizia na “Mungu awabariki ninyi na familia zenu”, nikaifuta kwa mikono miwili.) Mwisho nikachoka, nikaichukua simu yangu nikaenda nayo jikoni, nikawasomea wenzangu kwa sauti. Hilo ndilo kosa. Mengine yote ni watoto wa kosa hilo.

Wenzangu niwatambulishe. Chumba chetu tunakaa watatu. Kuna Mercy, Mkenya wa Kericho, mlinzi kwenye duka kubwa moja, mtu wa msimamo, hata akila anasimama. Na kuna Bi Rehema, mtu wa Unguja, mpishi kwenye nyumba ya familia moja ya wenyeji, ambaye amekaa Ghuba miaka mingi kiasi kwamba akikasirika anakasirika kwa Kiarabu. Huyo ndiye mzee wetu. Tunampa shikamoo asubuhi na jioni, na neno lake pale ndani halijadiliwi.

“Wamekukataa?” akaniuliza, bila kugeuka kwenye sufuria.

Nikamwambia hapana, wamesema nisubiri, wataniangalia tena, na kama bado nawataka niwaambie.

Akazima jiko. Bi Rehema hazimi jiko hovyo, mchele wake ulikuwa haujaiva. “Basi hiyo si posa hiyo, mwanangu? Hao hawajakataa. Wanataka kuona kama umeshapoa.”

Akatukalisha, akatueleza. Kwao mkipeleka posa, wazee wa binti hawawajibu siku hiyo hiyo hata kama roho zinawacheza, watasema tupeni muda tushauriane. Hapo ndipo mnapopimwa. Mkikaa kimya, watasema kumbe hawa hawakuwa na haja. Mkituma mtoto na salamu, watasema hawa wametudharau. Mshenga mwenyewe ndiye anayerudi, kavaa, na kitu mkononi, anakaa, anazungumza habari za mvua na bei za samaki, posa haitaji kabisa, anaondoka, na ujumbe umefika. Hajawahi kusikia binti aliyepatikana kwa simu. “Na wewe hapa huna mama wala shangazi wa kukuendea,” akasema. “Nitakwenda mie.”

Nikageuka kumtazama Mercy, nikijua yeye mambo haya si ya kwao, atamzuia. Mercy akatafuna, akafikiri, akasema, “Mimi naona Bi Rehema ako na point. Email wanapata mob, nyingi mno, kila siku. Lakini watu wakikuja wenyewe, hao hawasahauliki.” (Kweli, hatukusahaulika.) Akaongeza kwamba mlinzi wa getini pale chuoni ni wa kwao, wanasali kanisa moja, kwa hiyo kuingia si tatizo.

Nami nikasema “haya”. Ningeweza kusema nimechoka, au nitafikiria, au mchele unaharibika. Lakini niliogopa, ndugu zangu, niliogopa kwamba barua yangu mimi mwenyewe haitoshi, na mtu akiogopa hivyo akaambiwa kuna watu wawili watasimama naye, anasema haya.

Tukaenda siku ambayo wote tulikuwa na nafasi asubuhi. Mimi nilivaa suti yangu ya mahojiano. Mercy alivaa sare yake ya ulinzi na buti, kwa sababu alikuwa anaunganisha kwenda kazini. Bi Rehema alivaa buibui la Idi, akanibebesha sinia la halua aliyoikoroga mwenyewe, limefunikwa kawa, yeye akashika chupa ya kahawa na kimfuko cha kitambaa ambacho sikuuliza kina nini, na ningeuliza, leo nisingekuwa na la kuwasimulia. Kwenye metro watu walitutazama mpaka bwana mmoja akamuuliza Mercy kama analinda lile sinia. Mercy akamjibu ndiyo.

Kufika chuoni, ukumbi wa mapokezi umejaa. Kumbe ndiyo siku waliyowaalika waombaji wengine na wazazi wao kutembezwa madarasani, vijana wamependeza, baba zao wana saa kubwa, na mimi katikati yao nimekumbatia sinia. Nikanong’ona turudi siku nyingine. Bi Rehema akasema afadhali hivi, posa haipelekwi kwa kujificha. Akaenda mwenyewe kaunta, akazungumza Kiarabu chake, akaambiwa madam wa udahili yuko kwenye kikao, atashuka, tusubiri. Tukakaa kwenye makochi chini ya mnazi mmoja mkubwa uliopandwa kwenye chungu cha kifahari.

Tukasubiri sana. Bi Rehema akachoka kukaa bure, akafungua kile kimfuko, akatoa chetezo, vijikaa viwili, kiberiti na udi. Nikamwuliza kwa macho anafanya nini. Akanijibu kwa mdomo, tena kwa sauti, kwamba mtu haingii kwa watu kuposa huku ananuka metro. Na lazima niseme ukweli, hakuna aliyeshtuka. Hapa mjini udi ni jambo la kila siku, maduka yanafukizwa, ofisi zinafukizwa, na mama mmoja aliyekaa jirani yetu akasogeza hata mtandio wake upate moshi, akashukuru. Kama mambo yangeachwa hapo, leo mngekuwa mnasikia habari nyingine.

Tatizo niliitwa jina langu. Nikainua macho, nikamwona madam wa udahili anashuka ngazi, abaya yake imenyooka, faili mkononi, anatazama huku na huku kumtafuta Neema ni nani. Na ghafla nikatuona kwa macho yake. Nikaona sinia, nikaona buti za Mercy, nikaona moshi unapanda mbele ya uso wangu. Nikapata wazimu wa dakika moja. Nikakinyakua kile chetezo (vidole viliungua, nikanyamaza), nikageuka, nikakizika kwenye chungu cha mnazi nyuma ya kochi, nikakisukuma chini na kukifunika vizuri, nikiamini kwamba makaa yakifukiwa udongoni yanazimika. Halafu nikasimama, nikatabasamu, nikatoa mkono.

Nani angejua kwamba mnazi ule ulikuwa wa plastiki, na ule udongo ni sponji iliyotandazwa majani makavu juu yake. Mimi nimekulia Morogoro, kwetu udongo ni udongo.

Nilikuwa nimefika kwenye “I am still very interested” wakati madam alipoacha kunitazama na kuanza kutazama nyuma ya bega langu. Harufu ilikuwa imebadilika, si udi tena, ni ndoo inayoungua. Kuti moja likalegea, likainama taratibu. Kisha king’ora kikalia jengo zima, taa za dharura zikawaka, na sauti ya mashine ikaanza kutuambia kwa Kiarabu na Kiingereza tutoke nje bila kukimbia.

Hapo ndipo Mercy alipoingia kazini. Mimi nimekaa na Mercy muda mrefu, sikuwa nimewahi kumwona akiwa kazini. Alisimama katikati ya ukumbi akanyoosha mikono miwili, na wale wazee wa saa kubwa wakaanza kutoka mmoja mmoja kama wanafunzi. Madam wa udahili alitaka kurudi juu kuchukua mkoba, Mercy akamwambia, “Madam, leave the bag, twende,” akamgeuza mabegani. Walinzi wa chuo wenyewe, walipoona mtu mwenye sare anayejua anachokifanya, wakamfuata bila kuuliza ni wa kampuni gani. Yule wa kanisani kwao akaitoa chupa kubwa ya maji ya kunywa kwenye mashine yake, akaimimina yote kwenye chungu. Kwa hiyo moto, kama unaweza kuitwa moto, ulikwisha kabla watu hawajamaliza kutoka. Lakini taratibu ni taratibu, jengo lazima likaguliwe chumba kwa chumba, na Mercy akasimama mlangoni akakataa kumrudisha mtu yeyote ndani.

Basi tukawa nje, kwenye maegesho, jua la Dubai mnalijua. Waombaji, wazazi, walimu, watu wa kaunta, na fundi mmoja aliyekuja kutengeneza kiyoyozi tu. Wote wanauliza ni nani aliyefanya hivi. Mimi nilikuwa nimejibanza nyuma ya gari moja la mizigo, napiga hesabu ya njia ya kufika metro bila kupita mbele ya watu. Nilijiona nimekwisha. Nilimwona madam wa kliniki akiniambia pole, niliuona mlango ule wa ndani ukifungwa, nikaanza kulia pale pale, kilio kile cha kimya ambacho pua ndiyo inakusaliti.

Na Bi Rehema je? Bi Rehema katika kutoka kote kule alitoka na sinia. Akaliweka juu ya ukuta mfupi wa bustani ya maua, akafunua kawa, akaanza kuwagawia watu halua, kwa sababu kwa akili yake haiwezekani watu wasimame juani na chakula kipo. Wakala. Wale vijana wanaogombea nafasi moja na mimi wakala halua ya posa yangu, wakalamba vidole, wakaulizia kahawa. Akamfikia madam wa udahili, naye akaweka mkono kifuani kwa adabu, akasema mfanyakazi haruhusiwi kupokea kitu kutoka kwa mwombaji. Kisha akauliza, kwa Kiingereza, kila mtu akisikia, huyu mama na yule mlinzi wa mlangoni wamekuja na nani.

Bi Rehema akaniona nyuma ya gari. Tulitazamana kabisa. Halafu akageuza uso wake upande mwingine, akamjibu madam kwa Kiarabu, neno dogo tu ambalo hata mimi nalijua.

“Nimekuja peke yangu.”

Nikamtazama Mercy kule mlangoni. Naye akatazama juu, kama hajawahi kuniona maishani. Walikuwa wananifungulia njia niondoke, wote wawili, bila kuambizana. Ningeweza kuondoka. Lakini iliniuma mahali ambapo sikujua panauma, kumwona mwanamke aliyekoroga halua usiku kucha kwa ajili yangu anasimama peke yake mbele ya umati kwa moto niliouwasha mimi. Nikafuta pua na mkono wa suti, nikatoka.

“Ni wangu, madam,” nikasema. “Wote wawili ni wangu. Na aliyeficha makaa kwenye mnazi ni mimi.”

Madam akanitazama, akatazama vidole vyangu vilivyoungua, akamgeukia Bi Rehema akamtaka aeleze. Bi Rehema akaeleza. Alieleza kwa kirefu, na mikono, na nilisikia jina langu humo ndani mara kadhaa, na kadiri alivyoeleza madam akawa anapandisha faili lake usoni kidogo kidogo mpaka yakabaki macho tu. Alipomaliza, madam akashusha faili, akameza kicheko, akasema kwamba kwao nako posa huendewa hivyo hivyo, bibi yake angewafurahia sana. Kisha akanigeukia mimi na kusema kwa upole kabisa, “Lakini nyinyi mmeleta posa, halafu mkataka kumchoma bibi harusi.”

Waliokuwa karibu wakaangua kicheko. Nikacheka na mimi, machozi bado yapo, sijui ilikuwa sura gani.

Akanisogeza pembeni, na hapo hakucheka. Akaniambia tukio hili ataliandika kama lilivyo, na jopo litalisoma. Akaniuliza ni lipi jipya tangu nitume ombi. Nikamwambia nimepata cheti cha huduma ya kwanza. (Cheti hicho kina somo zima la moto na moshi. Niliona amekisia, kwa sababu alifumba macho.) Akasema alichoniomba tangu mwanzo ni mistari michache tu, basi niiandike leo, na jopo lisome yote mawili kwa pamoja.

Nikaiandika pale pale, simu imeegemezwa kwenye lile gari la mizigo, jasho linadondokea kioo. Sikutafuta maneno makubwa, sikuwa nayo tena. Nikasema bado nataka kusoma kwao kuliko nilivyokuwa nataka jana. Nikasema cheti nimepata. Nikasema mnazi nimeuchoma mimi kwa woga na naomba radhi, na kwamba wale wanawake wawili walikuja kunisimamia kwa sababu huku sina mwingine. Nikatuma kabla sijaisoma tena. Halafu tukaokota sinia letu tupu tukaenda zetu.

Kusubiri ndiko kulikoniua. Mtaani nilishapewa majina, dukani naulizwa kama nanunua kiberiti. Lakini kibaya zaidi kilikuwa Bi Rehema, ambaye hakuniuliza neno. Alikuwa anapika kimya, ananipakulia kingi kuliko wengine, na Mercy akawa ananiachia zamu yake ya bafu asubuhi, mpaka nikatamani wanigombeze tu yaishe.

Nimepata. Ndiyo, wamenipa nafasi, msipige makofi bado. Barua yenyewe ilikuwa na mstari mmoja wa mwisho ambao nina hakika wenzangu hawakuandikiwa, kwamba wanafunzi wanaombwa kuja na vitabu tu.

Siku ya kujiandikisha, kijana wa kaunta akaniuliza ikitokea nimeugua au nimepata tatizo hapa chuoni wampigie nani. Nikamtajia baba. Akasema baba yuko Morogoro, wanataka mtu aliye hapa hapa Dubai, anayeweza kufika. Nikampa namba ya Bi Rehema. Akaandika jina, vidole vikasimama, akaniinulia macho taratibu, nikajua siku ile naye alikuwepo, na halua alikula.

“Na huyu ni nani yako?” akauliza.

“Mama,” nikasema, na sikuona kama nimedanganya.

Kwa hiyo nimeapa. Barua yoyote itakayokuja tena naijibu mwenyewe, mlango nimefunga, naituma kwanza ndipo naingia jikoni. Na Bi Rehema nimeshamkalisha chini, kwa heshima zote, nikamwambia wakimpigia simu kutoka chuoni aje haraka sana, aache hata mchele jikoni, lakini aje mikono mitupu.